Mwongozo wa Fundi wa Yaeda Chini: Anza na Mbuzi

Anayetaka kujifunza ushonaji wa hali ya juu, ule wa makoti yenye bitana, kola zisizokunjamana na mikono inayokaa begani kana kwamba iliota hapo, kwa kawaida huambiwa akatafute cherehani. Mimi namwambia akatafute mbuzi. Mbuzi wa kawaida tu, mradi ngozi yake haijachanwachanwa na miiba. Cherehani itakuja baadaye. Kwanza ushike ngozi, kwa sababu ngozi ina ukali ambao kitambaa hakina: tundu ulilolitoboa halizibiki. Ukikosea kwenye pamba unafumua, unanyunyiza maji, unapiga pasi, na hakuna atakayejua. Ukikosea kwenye ngozi, kosa lako litamfuata mvaaji mpaka harusini, na wakwe watalihesabu wakiwa wamekaa.

Fundi mchanga hufikiri huku anashona. Fundi aliyekomaa amekwisha kulishona vazi zima kichwani kabla mkasi haujagusa kitu. Tabia hiyo ndiyo ufundi wenyewe, na sijui mahali pazuri pa kuijenga kuliko Yaeda Chini.

Bonde la Yaeda Chini liko Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, kusini-mashariki mwa Ziwa Eyasi, chini ya milima ya Wairaqw yenye baridi. Wahadzabe wanawinda, wanarina asali na kuchimba mizizi, Wadatoga wanachunga ng'ombe, Wairaqw na Wanyisanzu wanalima. Ngozi ilikuwa ikishonwa hapa kwa mkono vizazi vingi kabla Isaac Singer hajapata hataza ya cherehani yake mwaka 1851. Wasichana wa Kiiraqw waliowekwa ndani kwa mafunzo ya unyago yaitwayo marmo walikuwa na sketi za ngozi zilizodariziwa shanga, na baadhi ya sketi hizo leo zimehifadhiwa katika makumbusho za ng'ambo. Mwanamke wa Kidatoga naye ana sketi yake ya ngozi, hanang'weanda, yenye mikanda myembamba inayocheza kila anapopiga hatua. Hilo ni vazi la mke wa mtu, lina heshima yake, na wapo mabibi wanaojua kulitengeneza tangu ngozi ikiwa mbichi. Hao ndio walimu wako.

Kumwendea mwalimu

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Amkia vizuri, "Shikamoo bibi," kisha kaa chini unapoonyeshwa. Habari za ng'ombe zije kwanza, za watoto zifuate, mvua nayo iulizwe, ndipo useme lililokuleta. Usitoe simu kupiga picha, hujaja kutalii. Na usiende mikono mitupu. Beba sukari, beba majani ya chai, beba na pesa. Nimetaja pesa kwa makusudi. Kijana yuleyule anayelipa ada ya chuo bila kunung'unika huona ajabu kumlipa bibi kizee ambaye amefanya kazi hii tangu alipokuwa msichana. Mlipe. Mkubaliane mapema, mbele ya watu wa nyumbani kwake, na umlipe siku uliyoahidi.

Somo la kwanza litakuwa refu, nalo litanuka. Ngozi huwambwa chini juani kwa vigingi vidogo, ivutwe pande zote. Mabaki ya nyama na mafuta hukwanguliwa, manyoya hukwanguliwa kama hayatakiwi, kisha ngozi hupakwa mafuta na kusuguliwa kwa mikono mpaka ilegee. Kusugua huku ndiko kunakowakimbiza wanafunzi wengi. Vumilia. Wakati unasugua, vidole vyako vinajifunza jambo ambalo futi kamba haiwezi kukuambia: ngozi ya mgongoni ni nene na haivutiki, ya tumboni ni laini na inatanuka. Ukiweka ya tumboni kiunoni, sketi itateremka mwezi ule ule. Ukiweka ya mgongoni kiunoni, itashika.

Sasa lipeleke somo hilo kwenye kitambaa. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande na mshindio. Nyuzi za mtande huenda na urefu wa jora na hazivutiki sana; za mshindio hukatisha upana na huachia kidogo; ukivuta hanamu, kati ya hizo mbili, kitambaa chote kinanyooka mkononi. Mafundi wengi huyajua haya kwa kuyasikia tu, ndiyo maana kuna magauni mengi yenye upande mmoja mrefu kuliko mwingine baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Aliyesugua ngozi ya mbuzi hawezi kuweka kipande cha gauni kombo ili kuokoa nusu mita ya kitambaa. Mkono wake utakataa.

Somo la pili ni uzi na tundu. Kano za mgongo wa mnyama hukaushwa, huchanwa nyuzi nyembamba, huloweshwa na kusokotwa. Unatoboa kwa msharasi wa chuma, unapitisha uzi ukiwa na unyevu, na ukikauka unajikaza wenyewe. Msharasi mzuri utaupata kwa mhunzi. Wahunzi wa Kidatoga wanaoishi upande wa Eyasi ndio wanaofua vichwa vya mishale wanavyotumia Wahadzabe, na wanayeyusha hata kufuli kuukuu kupata shaba ya bangili, kwa hiyo msharasi kwao ni kazi ndogo. Agiza miwili, mwembamba na mnene. Toboa matundu kwa umbali sawa, bila rula, kwa kutumia upana wa ukucha wako. Bibi atapitisha kidole juu ya mshono wako akiwa ameangalia pembeni, kisha atakuambia tundu gani umelikosea. Usibishane naye, kidole chake kinajua.

Mwisho atakupa kisu ukate mikanda. Yote iwe na upana mmoja, inyooke kutoka juu hadi chini, na kisu kisisimame katikati. Siku utakayoikata bibi akanyamaza, umefuzu daraja la kwanza.

Jambo moja la sheria, na ulichukue kwa uzito wake: fanya mazoezi kwa ngozi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe tu. Ngozi ya swala au pundamilia ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Hakuna koti linalostahili kesi.

Kuna watakaokucheka kwa kuanzia hapa. Watasema ngozi ni mambo ya zamani. Kicheko hicho nacho kina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Mbulu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha (Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002), viongozi wa mkoa waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao na kuvaa suruali na magauni. Vazi la ngozi lilihesabiwa alama ya kubaki nyuma. Hakuna aliyewauliza wanawake waliolishona jinsi walivyopima, walivyokata, walivyopata uzi usiooza. Kazi ya akili ilitazamwa ikaonekana umaskini. Nadhani tulipoteza mengi, na fundi wa leo anayekwenda kukaa chini mbele ya bibi wa Kidatoga anaokoa sehemu ya yaliyobaki. Wakucheke, wewe sugua.

Nunua koti bovu

Baada ya ngozi, nenda mnadani. Kwenye rundo la mitumba tafuta koti la suti la mwanamume lililochakaa kabisa, lenye bitana iliyopasuka na kifungo kimoja. Muuzaji atakushangaa, labda atakupa kwa bei ya kukuonea huruma. Chukua. Umepata kitabu cha ushonaji chenye mikono miwili.

Kazi yako ni kulifumua. Tumia wembe, taratibu, mshono mmoja baada ya mwingine, na kabla hujafungua kitu chora kilivyokaa. Anza na bitana. Utaona ina mkunjo mdogo katikati ya mgongo, toka shingoni kushuka. Aliyeshona aliuweka makusudi: bitana haivutiki kama kitambaa cha nje, na mvaaji akinyoosha mikono bila mkunjo huo, inachanika. Umeelewa sasa kwa nini makoti ya mafundi wengi huachia mgongoni ndani ya msimu mmoja.

Kisha kola. Itenganishe, uweke ya juu na ya chini pamoja. Ya chini ni ndogo kidogo, milimita mbili au tatu pembeni, na kwenye makoti mengi imekatwa hanamu. Udogo huo ndio unaoivuta kola ijikunje chini na kuuficha mshono. Fundi anayekata kola zote mbili sawasawa atapiga pasi mpaka mkaa uishe, na ncha bado zitamwinukia kama masikio. Ndani ya kifua utakuta kitambaa kigumu kinachoshikilia umbo, na ukikitazama kwa karibu utaona kama kilishonwa kwa vipindi vidogo au kiligandishwa kwa joto. Mifuko ufumue mwisho, na ule uliochimbwa kifuani uushone na kuufumua tena na tena kwenye vipande vya shuka kuukuu, mpaka pembe zake nne zisiachie uzi hata mmoja.

Vipande vyote vikiwa huru, vipige pasi, uvilaze juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, uvichore na kuvikata. Andika juu ya kila kimoja: mbele, mgongo, mkono wa juu, mkono wa chini, uzi unaelekea wapi. Hiyo ni patani yako ya kwanza ya koti, iliyotengenezwa na mtu aliyesoma kazi hiyo, nawe umeipata kwa bei ya koti bovu.

Mkono wa mpiga upinde

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu mkono ndio unaomtenga fundi na mshonaji.

Pima tundu la kwapa la badani zote mbili, mbele na nyuma. Tuseme ni inchi 18. Kichwa cha mkono, yaani ule mviringo wa juu, usikikate inchi 18. Kwa koti kata 19 au 19 na nusu. Ile ziada ndiyo nafasi ya bega kuwa la duara, maana bega la binadamu si ubao. Piga mistari miwili ya mishono mirefu juu ya mviringo, vuta nyuzi kidogo kidogo mpaka ulingane na tundu, na ziada yote uigawe upande wa juu. Chini ya kwapa usivute hata kidogo. Piga bandi kwanza, kwa mkono, kwa uzi wa rangi tofauti. Mvalishe mtu. Tazama. Mkono ukielekea nyuma wakati mtu amesimama wima, ufungue uuzungushe mbele nusu inchi. Ndipo uende kwenye cherehani.

Anayeruka hatua ya bandi anajiona ameokoa dakika ishirini. Atazilipa kwa kufumua jioni nzima, akiwa na mteja mlangoni.

Bonde hili lina mtihani wa mkono ambao hutaupata Kariakoo. Mshonee shati mtu anayevuta upinde. Upinde wa Kihadzabe ni mgumu, na mvutaji hupeleka mkono mmoja mbele na mwingine nyuma kwa nguvu zote. Shati la dukani humbana mgongoni, kisha hupasuka nyuma ya bega. Kwa hiyo mpime mara mbili: mara ya kwanza akiwa amesimama, mikono chini, mara ya pili akiwa amejikunja kana kwamba anavuta. Tofauti ya vipimo hivyo viwili mgongoni ndiyo nafasi unayodaiwa. Iweke kwenye mikunjo miwili chini ya kipande cha mabegani, mmoja kila upande, karibu na kwapa. Akisimama inatulia, akivuta inafunguka.

Mafundi wa kanzu wa pwani walilitatua jambo hilohilo kwa njia nyingine, nayo uijue. Kanzu ina badani ya mbele na ya nyuma, ina taharizi pembeni za kuipa upana wa kutembea, na chini ya mkono ina kikwapa, kipande kidogo kinachoshonwa kwapani ili mkono uinuke bila kuivuta kanzu yote juu. Kikwapa ni kidogo kama kiganja cha mtoto, na mabinti wengi wa vyuo vya ushonaji humaliza masomo bila kukishona. Kishone. Kiweke kwenye shati la mchungaji, na kiweke pia kwenye suruali yake, pale miguu inapokutana, maana mchungaji huchuchumaa kunywa maji, huruka korongo, hupanda mti kumtafuta ndama, na suruali isiyo na kipande hicho itamwaibisha mbele ya ng'ombe na watu.

Kwa wateja wa juu milimani, kule Mbulu mjini na Dongobesh, hesabu hubadilika. Huko baridi ni ya kweli na koti huvaliwa juu ya sweta. Mpime mtu akiwa na sweta lake. Wapo mafundi wanaompima mtu na shati jepesi mwezi wa Januari, halafu mwezi wa Juni wanamlaumu kwa kunenepa.

Sketi ya shule

Rinda boksi linaogopwa bure. Ni hesabu ya darasa la nne. Kiuno cha binti ni inchi 24. Unataka marinda 12. Gawa: kila rinda litaonekana inchi 2. Nyuma ya kila rinda kuna mkunjo wa kulia na wa kushoto, kila mmoja unakula inchi 2 za kitambaa, jumla 4. Kwa hiyo kila rinda linahitaji inchi 6, na marinda 12 yanahitaji inchi 72. Ongeza za mshono na za kufungia zipu. Kitambaa cha upana wa inchi 45 hakitoshi kimoja; chukua mapana mawili uyaunge, na uungo uufiche ndani ya mkunjo. Kiloweke kwanza, kikauke, ndipo ukikate, la sivyo kitarudi kikifuliwa na binti atashindwa kupumua darasani. Weka pindo la inchi 3 chini. Watoto hurefuka, na mzazi wa bondeni hanunui sketi mpya kila mwaka.

Cherehani na pasi

Cherehani ya miguu inatosha. Butterfly ya kutoka Shanghai au Singer kuukuu, zote zinashona koti zuri. Kiangazi vumbi la bonde huingia kila mahali, kwa hiyo ifunike, ipanguse, na uitie mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda ndani ya chuma na kuikwamisha. Sindano namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa pamba ya kawaida, 16 au 18 kwa jinzi, na ibadilishe kabla haijaanza kuvuta nyuzi. Pasi ya mkaa izungushie nje kwanza imwage majivu yake, kisha tandika kitambaa chenye unyevu juu ya vazi. Piga pasi kila mshono kabla haujakatishwa na mwingine. Nusu ya uzuri wa koti ni pasi, na wanaosema ni robo wana makoti yanayofanana na magunia.

Ukipata nafasi ya chuo, nenda. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ushonaji, na chuo chake cha Manyara kiko Babati. Cheti kitakufungulia zabuni ya sare za shule ambayo mikono mitupu haifungui. Nenda ukiwa umeshafumua koti na kukata ngozi, na utauliza maswali ya maana kuanzia siku ya kwanza.

Bei na siku

Siku ya kukabidhi usimwache mteja asimame tu mbele ya kioo. Mwambie achuchumae. Ainue mikono yote miwili. Akae kwenye kigoda, ainuke. Avute upinde, kama anao. Vazi likipita, taja bei huku unamtazama usoni. Katika bei hiyo weka bandi, weka pasi, weka mkaa wa pasi, weka na zile siku ulizosugua ngozi, kwa sababu mteja anavaa hizo pia.

Chukua nusu ya malipo unapopima. Ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa. Fundi anayejibu "njoo kesho" mara tatu hana kazi nyingi, ana mpangilio mbovu. Na oda za sare za Januari anza kuzikata Novemba, kabla mvua hazijaharibu barabara ya Haydom na uzi wa bluu haujaisha madukani.